TAHADHARI: "Matairi ya matope" niliyouziwa Kampala ni matairi ya theluji

Ndugu zangu madereva, hasa mnaopiga njia ya Kampala–Arua, na nyinyi wenye Noah, Wish na Premio mnaonunua matairi ya mtumba mjini: someni hili kabla hamjatoa pesa. Kuna wauzaji Kampala wanaochukua matairi ya majira ya baridi kutoka Japani, yaliyotengenezwa kukanyaga theluji, wakayapaka rangi na kuyaita matairi ya matope. Mimi niliuziwa manne. Moja liliachia ganda la juu nikiwa na abiria sita ndani. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini mama mmoja alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na sura yake ya siku ile hainitoki kichwani.

Jina la duka siliandiki, kwa kuwa madai yangu yako mahakamani. Nitaeleza walivyonifanyia, ili ukikutana na maneno yale yale uyatambue.

Ilikuwa Machi, mvua za kusini zimeanza. Matairi yangu yalikuwa yamebaki vipara, nikaenda mjini na Noah yangu, saizi 195/65R15. Nilimweleza yule kijana kila kitu: nalala Arua, nashuka Kampala kwa lami karibu kilomita 500, na nikirudi naingia murram, barabara ya changarawe, ya Maracha na Yumbe kupeleka mizigo. Akasikiliza vizuri, tena kwa heshima. Kisha akasema, "Ssebo, wewe wahitaji tairi la matope." Akanivutia tairi jeusi linalong'aa, meno marefu, akaweka kidole ubavuni palipoandikwa M+S. "M hiyo ni matope." Hakusema S ni ya nini, nami sikuuliza. S ni theluji. Bei ilikuwa shilingi 160,000 kila moja, nikalipa 640,000 kwa yote manne, na fundi wake akayafunga pale pale, haraka sana, mimi nikiwa nimeletewa kiti na soda.

Siku ile ile nilihisi gari limekuwa laini kupita kiasi. Kwenye kona lilikuwa likibembea. Nikadhani upepo umepungua, nikapima, upepo sawa. Mvua ilitukuta tukishapita Migyera. Ng'ombe walikuwa wanavuka, nikakanyaga breki mapema, kwa mwendo ninaoujua miaka yote katika njia ile, na gari likaendelea kwenda. Lilisimama hatua chache tu kutoka kwa ng'ombe wa mwisho. Nikajilaumu mwenyewe, nikasema ni mvua ya kwanza inayochanganya vumbi na mafuta barabarani. Wiki ya tatu meno ya matairi ya mbele yalikuwa yameisha nusu. Wiki ya tano, saa nane mchana, kati ya Karuma na Pakwach, kule bondeni joto linakokaanga lami, tairi la nyuma la kushoto likaanza kupiga kama ngoma, kisha likaachia ganda lote la juu. Wanaopajua pale wanajua si mahali pa kushusha watoto: upande mmoja ni hifadhi ya Murchison Falls, na wanyama wanavuka wapendapo.

Nilipolivua na kulilaza chini ndipo nikauona upande wa ndani. Kulikuwa na kibonyeo chenye tarakimu nne: 4112. Maana yake ni wiki ya 41 ya mwaka 2012. Nikafungua mengine matatu, nayo ya miaka ile ile. Yote manne yalifungwa namba ikiwa imeelekea chini ya gari, mahali ambapo hakuna mteja anayeinama kutazama.

Kwa nini matairi haya yanafika kwetu kwa wingi yakiwa na meno marefu hivyo? Hili nililifuatilia sana, kwa sababu meno ndiyo yaliyonidanganya. Japani watu wengi wana seti mbili, moja ya kiangazi na moja ya theluji, wanabadilisha kila majira. Tairi la theluji lina alama yake ya pekee ndani ya mifereji, kijiukuta kinachojitokeza meno yakishalika nusu. Likifika hapo, kwao limekwisha kazi ya theluji, linatupwa. Kwa hiyo linatoka kwenye gari likiwa bado na nusu ya meno, na huku kwetu nusu hiyo inaonekana ni mali nzuri kuliko tairi la kawaida lililotumika.

Tatizo halimo kwenye meno, limo kwenye mpira wenyewe. Tairi la theluji hupikwa kwa mpira laini ili lisigeuke gumu kama ubao kwenye baridi. Watengenezaji wanalihesabia hali ya hewa iliyo chini ya nyuzi 7. Kwetu nyuzi 7 utazipata wapi? Theluji ya Uganda iko juu ya Rwenzori, kwenye vilele kama Margherita chenye mita 5,109, na hakuna gari linalopanda huko. Pakwach mchana huwa inapita nyuzi 30, na lami yenyewe ni moto zaidi. Mpira laini ukikutana na joto hilo, meno yanapinda kila ukikanyaga breki, yanalika haraka, na tairi linazidi kupata moto kwa ndani. Ukiongeza uzee wa miaka zaidi ya kumi, gundi inayoshika tabaka la juu na nyaya za chini imekwisha kauka. Ndiyo maana langu halikutoboka, liliachana.

Sasa, jinsi ya kulitambua. Simama, usikubali kiti wala soda.

Tazama meno kwa karibu. Tairi la theluji lina vijikato vingi vyembamba kama vya wembe, vimejipinda mawimbi mawimbi juu ya kila jino. Libonyeze kwa ukucha: mara nyingi ukucha unaingia kwa urahisi. Ubavuni tafuta mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji ndani yake, au neno STUDLESS. Soma pia jina la tairi. Blizzak, iceGUARD, Winter Maxx, hayo ni matairi ya theluji, na ni mazuri sana kule Hokkaido, Japani. Hapa hayana kazi. Halafu angalia herufi ya kasi inayofuata saizi: mengi ya aina hii yana Q, kwa mfano 195/65R15 91Q, wakati tairi la kawaida la saizi hiyo mara nyingi lina S, T, H au V. Herufi M+S peke yake haitoshi kumhukumu muuzaji, kwa sababu hata matairi ya kweli ya murram na njia mchanganyiko huwa nayo. Ni M+S pamoja na ule mlima na vijikato vya wembe ndivyo vikuondoe dukani.

Tarakimu nne za tarehe mara nyingi huwa upande mmoja tu. Kwa hiyo ligeuze tairi kabla halijapanda rimu. Ukikuta mahali pa namba pamesuguliwa, pameziba kwa gundi au panang'aa kuliko sehemu nyingine, liache. Watengenezaji wengi wakubwa wanasema tairi likifika miaka 10 litolewe hata kama meno yapo, na baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Hiyo ni kwa tairi lililotunzwa kivulini. Yetu yanakaa nje ya duka, yamepangwa juani kuanzia asubuhi, na jua linakula mpira hata bila gari kutembea.

Chukua kitambaa cheupe chenye petroli kidogo, usugue ubavu. Rangi ikitoka nyeusi tititi na chini ukaona nyufa nyembamba, umeshapata jibu. Na muuzaji akikukataza kusugua, jibu ni hilo hilo.

Kisha kuna ya kuchongwa. Mtu anachukua tairi kipara, anachora mifereji upya kwa chuma cha moto. Kila tairi la gari dogo lina vijiukuta vidogo chini ya mifereji mikuu vinavyoonyesha milimita 1.6, kipimo cha mwisho. Ukiona mfereji mrefu lakini vijiukuta hivyo havipo kabisa, au vimekatwa katikati, limechongwa, na kisu kimekaribia nyaya. Matairi ya malori mengine yameandikwa REGROOVABLE, hayo yametengenezwa na nyama, yaani mpira wa ziada, ya kuchongwa. Ya gari dogo hayana nyama hiyo.

Mwisho ingiza mkono ndani ya tairi. Ukigusa mpira uliochakaa kwa duara lote, au unga mweusi umejaa, tairi hilo lilitembea bila upepo na ubavu wake umeshakufa. Ukiambiwa, "Tutakuwekea tyubu tu, liwe salama," wakati tairi ni tyubulesi, jua kuna shimo linafichwa.

Kuhusu lipi ununue, nitasema kwa gari letu la kawaida. Ukitembea lami zaidi, tairi la kawaida la barabara kuu, jipya au la miaka michache, lenye mifereji minne mirefu inayozunguka, ndilo linalotoa maji vizuri zaidi. Mimi sasa nikifika milimita 3 nabadilisha, sisubiri 1.6, kwa sababu kwenye madimbwi ya njia ya Luweero tairi lisilo na mifereji linaelea juu ya maji na usukani unakuwa mwepesi mkononi. Ukiingia murram mara nyingi, unachotafuta ni ubavu mgumu kabla ya meno. Mawe ya murram yanakata ubavu, na yale mawimbi ya barabara yaliyo kama bati yanatikisa tairi hadi ndani. Hapo tafuta tairi la njia mchanganyiko, lenye tabaka nyingi zaidi. Yale ya matope halisi, yenye mapengo makubwa kama ya trekta, waachie wenye gari za porini. Kwenye lami iliyolowa hayashiki.

Wenye Hiace, nanyi kuna mtego wenu. Duka linaweza kukufungia tairi la gari dogo lenye namba 91, maana yake linabeba kilo 615 tu. Taksi iliyojaa watu na magunia juu inataka tairi la mzigo, lenye alama ya C au LT, na 6PR au 8PR, yaani kipimo cha nguvu ya tabaka zake. Usikubali punguzo katika hilo.

Na jambo moja la upepo, kwa sababu nalisikia stendi kila siku: eti jua likiwa kali, punguza upepo ili tairi lisipasuke. Ni kinyume chake. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja zaidi, linapata moto zaidi, ndilo linalopasuka. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukipunguza ili upite murram, ujaze tena kabla hujarudi lami.

Kuhusu pesa yangu. Nilirudi dukani na tairi lililoachana. Jibu lilikuwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, imeandikwa kwenye risiti. Msikubali kunyamazishwa na maandishi hayo. Kuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017: ukimweleza muuzaji kazi utakayofanya na kitu chake, ukategemea ujuzi wake, anapaswa kukupa kinachofaa kwa kazi hiyo. Na mahakama za mahakimu zina utaratibu wa madai madogo, kwa kesi zisizozidi shilingi milioni 10, ambako unasimama mwenyewe bila wakili. Kwanza unampa muuzaji notisi ya kumdai; asipolipa, unafungua. Mimi nimeshafungua. Malalamiko nimeyapeleka pia UNBS, shirika la viwango, na nawaomba wengine mliopatwa mpeleke, kwa sababu mtu mmoja akilalamika anaonekana mgomvi tu.

Kilichonisaidia ni risiti. Dai risiti yenye jina la tairi, saizi, tarakimu nne za tarehe na neno "jipya" au "lililotumika". Piga picha pande zote mbili kabla ya kufungwa. Muuzaji anayekataa kuandika tarehe ya tairi kwenye risiti yake, mshukuru, uondoke.

Lile lililoachana nimelitundika kwa fundi wa pancha karibu na stendi ya Arua, na zile alama zote nimezizungushia chaki: mlima, Q, vijikato, 4112. Aliye na seti aliyonunua karibuni aje nayo asubuhi kabla ya saa mbili, sijaondoka, tuikague pamoja bure. Aliye mbali aweke hapa chini picha ya ubavu wa tairi lake, pande zote mbili, nitamsomea.