Nimepeleka gari langu la waya studio Sinza, haya ndo yaliyonikuta

Jamani nilijiona chizi, nimepanda daladala ya Sinza na gari la waya kwenye rambo, konda ananiuliza "braza unampelekea dogo?" namwambia hapana nalipeleka kupigwa picha, akacheka mpaka akasahau chenji yangu.

Gari alinitengenezea bro tukiwa wadogo Temeke. Tairi nne kakata kwenye ndala, mbili za bluu, moja nyekundu, moja nyeupe iliyogeuka kijivu, na ule usukani mrefu wa kusukumia umesimama. Bro anatimiza 50 mwezi ujao, nikataka nimpe picha kwenye frem.

Studio yenyewe (jina nabaki nalo, mtaona kwa nini) iko ghorofani, ngazi za kutosha, parking hamna. Nimelipa elfu 45, picha tano na moja ya A3.

Mwanzo waliniboa. Wameweka meza nyeupe, flashi mbili zinapiga kwa mbele, picha safiii ila utadhani simu inauzwa Insta. Waya ni nyembamba bwana, taa ikitokea mbele kivuli chote kinajificha nyuma, unabaki na kama mchoro wa peni, wala hujui kitu kina ukubwa gani. Nishaanza kununa ndo yule dada msaidizi akauliza, "Kaka, we ulikuwa unaliangalia ukiwa umekaaje?" Nikawaza... nikamwambia nilikuwa nalala kifudifudi, shavu kwenye sakafu, naangalia tairi tu zinavyozunguka.

Basi wakazima taa zote, gari likashushwa sakafuni karibu na dirisha, kamera nayo chini kabisa, jua la saa kumi linaingia kwa ubavuni. Aisee. Kivuli kikajilaza sakafuni kirefu, gari likawa kubwa kama Scania ya kwenda Tunduma, na kwenye tairi nyekundu ukaona kile kitundu cha mkanda wa ndala na pembeni yake alama za meno, meno yangu hayo, nilikuwa natafuna. Nikajifanya napokea simu nikatoka nje kidogo.

Sasa lawama. Siku tatu baadaye wananitumia kazi, wameedit kutu yote imefutika, meno hamna, tairi zinang'aa kama zimetoka dukani leo, yaani wamelipaka mekapu. Nani kawaambia? Nikarudi, tukabishana, wakarekebisha lakini ikala siku mbili zingine. Kwa hiyo ukienda sema kabisa KABLA, rangi na mwanga sawa, makovu wasiguse. Halafu wanatuma WhatsApp kama picha za kawaida, zinabanwa zinapoteza ubora, waambie watume kama dokumenti au nenda na flash disk yako wakuwekee humo.

Printi ya A3 ila siwezi kuwasema vibaya, imetoka vizuri. Mama kaiangalia kimya muda mrefu, miwani kaisogeza, kisha akasema "kumbe ndala yangu nyekundu mliikata nyie," na mimi miaka yote nilijua aliisahau ile kesi.

Nawapa tatu na nusu kwa tano, na hiyo nusu ni ya yule dada peke yake. Nitarudi na redio ya mzee ya mbao, ila nampigia dada kwanza nijue yupo zamu lini, na meza yao nyeupe wabaki nayo.