Wakala wa kutafuta wafanyakazi pale Mwanjelwa, nyota nne

Wenye migahawa hapa Mbeya, hawa jamaa mi nawakubali. Nilitaka mpishi, wao hawakuanza na ile "tuambie kuhusu wewe" ambayo kila mtu kashaikariri, waliwaweka waombaji wote jikoni kwangu wapike wali maharage na makande kwa muda uleule, halafu kila mmoja akaulizwa maswali yaleyale, mfano gesi imeisha mchana na wateja wamejaa utafanyaje, na alama zikaandikwa hapohapo kabla hatujajadiliana. Hii ndo muhimu kabisa, maana kila msaili akiuliza anachojisikia anachukuliwa mchangamfu, mjuzi anaachwa. Hata uchambuzi wa 1998 wa Schmidt na Hunter, watafiti wa saikolojia ya kazi, ulionyesha kumpima mtu kwa kazi yenyewe na usaili wa maswali yaliyopangwa vinatabiri utendaji kuliko maongezi ya hivihivi. Dada niliyempata mkimya balaa, ila mikono yake sasa! Nyota moja nimeibana kwa sababu waliotoka Tukuyu na Chunya hawakurudishiwa nauli, mtu kapika nusu siku jamani, alipwe hata kama hajachukuliwa.