Darubini ya mtumba ya 8x40, niliyonunua kwa ajili ya mjusi

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayoniuliza: 45,000. Kijana wa mtumba pale mjini Mtwara alianzia 80,000, nikaondoka mara mbili na mara mbili akaniita, "Mama mkubwa, rudi tuongee." Aliniapia kwamba ni ya jeshi. Jeshi la wapi, sikumuuliza. Mpira umebanduka upande wa kulia, mkanda una fundo, na vifuniko vya lenzi vilivyobaki ni kimoja.

Sikuinunua kwa ajili ya ndege wala meli. Shambani kwangu, upande wa Naliendele, kuna mkorosho mkubwa anakoishi gorong'ondwa mwenye kichwa cha buluu. Siyo mjusi kafiri wa ukutani, huyu ni wa mtini na ardhini pia. Ukimkaribia anahamia upande wa pili wa shina. Ukizunguka, naye anazunguka. Tumezungushana hivyo miaka, mimi na umri wangu huu, nikiambulia mkia tu.

Sasa naketi kwenye ndoo, hatua kumi kutoka mtini, naye hana habari nami. Asubuhi kukiwa na ubaridi rangi yake ni ya gome, hata kumpata ni kazi. Jua likimpiga, kichwa kinageuka buluu kidogo kidogo, kama kitambaa kinachochovywa. Kwa darubini naona mpaka vimiba vilivyozunguka tundu la sikio. Dume mwingine akitokea, wangu anasimama kwa miguu ya mbele na kutikisa kichwa juu chini, juu chini, mpaka mgeni ashuke. Na nimemwona akila maji moto, wale chungu wekundu wa mitini: anakaa pembeni ya msururu wao, ulimi nje, mmoja, mwingine, mwingine. Hapo nilinuna kidogo, kwa sababu maji moto ndio walinzi wangu dhidi ya mbu wa korosho, mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho. Lakini anakula na mende na viwavi, nikaamua kutomfanyia hesabu.

Mjukuu wangu wa kidato cha pili anasema ni wa familia ya Agamidae, na kwamba huko Asia ya Kusini-Mashariki ana ndugu wa jenasi Draco, ambao hutanua mbavu zenye ngozi na kuelea kutoka mti hadi mti. Nikamwambia, huyu wa bibi yako anashuka kwa miguu.

Namba zile zilizoandikwa: 8 ni mara ngapi kitu kinasogezwa, 40 ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya, unapata 5, ndiyo upana, kwa milimita, wa mwanga unaotoka kuja jichoni. Ndiyo maana hata saa kumi na mbili jioni, chini ya majani mazito ya mkorosho, bado naona vizuri. Ndogo za 8x21 nilizojaribu palepale zilikuwa giza tupu.

Ubaya upo. Mjusi akiwa karibu kuliko hatua sita hivi, picha ni ukungu, zungusha gurudumu utakavyo. Lenzi ya kulia ina utando wa kuvu pembeni. Kwa hewa yetu hii ya bahari utaongezeka, kwa hiyo naiweka kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Na ni nzito, dakika kumi shingo inalalamika.

Kibarua wangu alikuwa akiwaua mijusi hawa kwa fimbo, akisema wana sumu. Hawana. Nilimpa darubini, akatazama muda mrefu bila kusema kitu, kisha akauliza kama jike naye ana kichwa cha buluu. Hana, ni wa kahawia; mvua zikianza hushuka kuchimba shimo la mayai kwenye udongo laini.

Yule kijana wa mtumba bado anazo darubini mbili. Ile ya kijani msichukue, gurudumu lake limekwama.