LinuxCNC na kadi ya Mesa kwenye mashine kuukuu: uzoefu wangu hapa Kigoma

Nianze na bei, maana najua ndiyo wengi mnayotafuta. LinuxCNC, programu ya kuendesha mashine za kuchonga kwa kompyuta, ni bure. Kadi ya Mesa 7I96S, inayokaa kati ya kompyuta na mota za mashine, ilinitoka karibu laki saba mpaka inanifikia Gungu, pamoja na usafiri na ushuru. Nimeitumia mwaka mmoja na miezi minne, nami naipa nyota nne kati ya tano.

Mashine yenyewe ni ya kuchonga chuma, ya Kiingereza, ya miaka ya 1980. Niliinunua Dar es Salaam kwa bei ya skrepa, ikaja kwa treni ya mizigo. Kompyuta yake ilikuwa imekufa siku nyingi, skrini giza, kapasita zimevimba. Jirani alipoona vijana wanane wakiisukuma juu ya mabomba kuiingiza bandani uani, akaniuliza kama nafungua biashara ya vyuma chakavu. Lakini mimi nilikuwa nimeshapitisha kidole kwenye reli zake. Aliyeifungia stoo alizipaka grisi nzito, na chini ya grisi chuma kilikuwa kinang'aa. Sisi wa Kigoma grisi hiyo hatuidharau. Wajerumani walipoizamisha Götzen mwaka 1916 walizipaka injini zake grisi kwanza, na meli hiyo ndiyo Liemba, iliyoibuliwa 1924 ikarudi kazini 1927.

Niliweka mota mpya za stepa, yaani zinazozunguka hatua kwa hatua, nikaanza na kadi ya bei chee ya kuchomeka USB, ya watu nisiowataja. Bila mzigo ilikwenda vizuri. Nikiwasha spindeli, ule mhimili unaozungusha kisu, mawasiliano yanakatika katikati ya kazi, kisu kinabaki kimesimama ndani ya chuma. Lawama nyingine ni zangu: nyaya za inveta, kifaa kinachoilisha umeme mota ya spindeli, na za swichi nilizipitisha pamoja, na ethi haikuwa ya maana. Nikazika fimbo mpya ya ethi, nikatenganisha nyaya, nikanunua zile zenye wavu wa kuzuia kelele za umeme. Tatizo likapungua, halikuisha. Ndipo nikaagiza Mesa, na tangu siku hiyo sijaona mkatiko hata mmoja.

Mesa huunganishwa na kompyuta kwa waya wa mtandao, moja kwa moja. Mapigo ya kuendesha mota huyatengeneza yenyewe; kompyuta inailetea maelekezo mara 1,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kompyuta ya mezani iliyotumika ofisini inatosha, ila ipimwe kwanza ucheleweshaji wake kwa kipimo kilichomo humo humo kwenye LinuxCNC. Laptopu yangu ilifeli. Kadi ina nafasi ya mota tano, swichi 11 na njia sita za kutolea amri, na mimi sijaijaza hata nusu.

Nyota niliyoinyima ni ya usanidi. Unaandika mafaili ya maandishi, herufi moja ikikosewa haiwaki, na maelekezo yote ni ya Kiingereza cha wahandisi. Jioni za wiki tatu ziliishia hapo, na mama watoto akawa anapakua chakula bila kuniita.

Kuna na ujinga wangu. Niliandika kuwa skrubu ya meza inasogea milimita 5 kwa mzunguko. Nikachonga flanji, bamba la kuunganishia lenye matundu ya bolti, ya mashine ya kukamua mawese ya mzee mmoja wa Mwandiga, matundu yakagoma kuingiana na bolti. Kupima, nikiagiza 100 meza inakwenda 101.6. Mashine ni ya inchi! Skrubu yake ina nyuzi tano kwa inchi, yaani 5.08. Nilibadilisha tarakimu moja, flanji ya pili ikaingia kama imezaliwa pale. Ile ya kwanza mzee aliichukua, anafungia nayo lango la mbuzi.

Ila kosa lililoniuma zaidi ni kununua elektroniki kabla ya kupima chuma. Geji ya saa ilinionyesha pleyi, yaani ulegevu, ya milimita 0.35 kwenye meza. LinuxCNC ina mstari wa kufidia pleyi, nami nikajaza 0.35 nikajiona mjanja. Matundu yakatoka sawa. Siku nilipochonga kisu kikizunguka kufuata mwendo wa meza, kisu kiliivuta kazi ghafla, kikavunjika, cha milimita 12. Programu inaweza kuongeza mwendo meza inapogeuka, lakini haiwezi kuishika meza isivutwe. Kufungua, nati ya gololi, ile inayotembea juu ya skrubu, nzima kabisa. Zilizokufa ni beringi mbili za mwisho wa skrubu. Elfu tisini tu! Sasa pleyi ni 0.03. Hizo beringi ndizo zilitakiwa kutangulia, kabla ya kadi, kabla ya mota, kabla ya kila kitu.

Umeme wa nyumbani ni wa njia (fezi) moja na spindeli inataka njia tatu. Mota yangu ya kilowati 1.5 kibao chake kinaruhusu volti 230 ikifungwa delta, kwa hiyo niliitoa kwenye ufungaji wa nyota nikaifunga delta (nyaya kwa pembetatu), nikailisha kwa inveta. Umeme ukikatika, UPS ndogo, ile betri ya akiba, inaishikilia kompyuta na kadi, na ukirudi meza inatafuta swichi zake za “nyumbani”, yaani za mahali pake pa kuanzia, kisha naendelea pale pale. Msinunue kadi mkasahau hizo swichi. Bila hizo kila mkatiko ni kuanza kupima upya, na kazi ya saa tatu inaweza kwenda na maji.

Kama wateja wako ni wa shafti za boti tu, bakia na mashine yako ya kukereza. Mimi wananilipa wenye mashine za mawese, kwa flanji na gia wanazozisubiri kutoka Dar wiki mbili. Pampu ya oili ya mashine yangu bado naisukuma kwa mkono.