Harvard Graphics, Freelance au PowerPoint? Tazama printa yako kwanza

Anayefufua kompyuta ya enzi za DOS, mfumo uliotangulia Windows, akiniuliza aweke programu gani ya chati za mikutano, namjibu Harvard Graphics 2.3. Kazi ya kuwaandalia wakubwa chati ilikuwa yangu miaka ile, na upendeleo wangu siufichi. Ila kabla hajainunua namuuliza: chati yako itatokea wapi?

Skrini haikuwa ya kuaminika. CGA, kadi ya kuonyesha picha kwenye skrini, ilitoa rangi nne tu kwa nukta 320 kwa 200, na zile za kawaida zilikuwa nyeusi, nyeupe, samawati na zambarau ya kuumiza macho. Kadi ya Hercules ilikuwa safi zaidi, nukta 720 kwa 348, lakini rangi moja. Ukihukumu programu kwa unachokiona hapo unaionea. Chati halisi ilikuwa ile iliyotoka kwenye karatasi, au kwenye plastiki angavu ya projekta.

Na kwenye karatasi ndiko kulikokuwa na vituko. Printa ya leza ya HP, LaserJet Series II, ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti 512, ilhali ukurasa mzima wa picha kwa nukta 300 kwa inchi hutaka takriban megabaiti moja. Basi chati yako ya nguzo inatoka nusu kwenye karatasi moja, nusu kwenye nyingine. Dawa yake ni kushusha ubora hadi nukta 150, au kuongeza kumbukumbu. Plota ya HP 7475A, mashine inayochora kwa kalamu, haikuwa na shida hiyo: ina kalamu sita, inabadilisha yenyewe, na mstari wake ni laini kuliko wa skrini yoyote niliyokuwa nayo. Tatizo ni kujaza rangi. Chati ya duara yenye vipande vilivyojazwa huifanya kalamu iende na kurudi mpaka uchoke kuisubiri. Mimi nilijaza kipande kimoja tu, kile nilichotaka wakubwa wakione.

Sasa programu zenyewe. Wenye programu ya lahajedwali ya Lotus 1-2-3 walijiona wamemaliza, maana tangu 1983 ilichora grafu moja kwa moja kutoka kwenye lahajedwali. Ni kweli, lakini kuichapa ilibidi uihifadhi kama faili la PIC, utoke, ufungue programu nyingine, PrintGraph. Grafu zile zilifaa kujitazamia mwenyewe mezani.

Harvard Graphics, ya kampuni ya Software Publishing, ilitoka 1986, na uzuri wake ni kwamba haikutaki uwe mchoraji. Menyu ina namba. Unachagua aina ya chati, inakuletea fomu, unajaza majina na tarakimu, unabonyeza F2, chati hiyo hapo. Ukubwa wa herufi na mpangilio imekwisha kukuamulia, na kwa kawaida imeamua vizuri kuliko ambavyo wengi wetu tungeamua. Kasoro ni kwamba unaandika bila kuona. Ni F2, kurudi kwenye fomu, F2 tena. Nilizoea, ila najua waliokasirika.

Freelance Plus ya Lotus ni ya mtu mwenye jicho na mkono. Kama kazi yako ni ramani, michoro ya mtiririko au nembo, ichague hiyo bila kusita. Kwa chati ya mauzo ya kila mwezi naiona inanipa uhuru nisiouhitaji.

PowerPoint ilianza 1987 kwenye Macintosh, ya rangi nyeusi na nyeupe, mikononi mwa Forethought. Mwaka huohuo Microsoft ikainunua kampuni hiyo kwa dola milioni 14. Ya Windows ikafuata 1990. Yenyewe iliwaza wasilisho zima: unapanga slaidi zote, unazihamisha, unaweka maelezo ya msemaji. Lakini katika toleo la kwanza chati za namba nilizitengeneza kwingine na kuzibandika, na mimi kazi yangu ilikuwa chati.

Kwa hiyo mwenye DOS, kadi ya skrini ya VGA na printa ya leza achukue Harvard 2.3. Mwenye plota naye achukue hiyohiyo, ila atafute kalamu kabla ya disketi. Nyingi zinazopatikana leo zimeshakauka, na za karatasi hazishiki vizuri kwenye plastiki.