Fimbo ya kuvulia samaki ya 35,000 na rili yangu ya kitufe: niliambiwa "inaingia"

"Fimbo ni fimbo, bosi. Si umeona inaingia?" Maneno ya muuzaji hayo, juzijuzi, macho yakiwa kwenye simu. Na kweli iliingia: mguu wa rili (kifaa cha kuzungushia mshipi) ukakaa, nati ikakaza. Sato wa kwanza wa maana alipovuta, fimbo nzima ikajigeuza mkononi, pete zinazopitisha mshipi zikaangalia maji na kitufe kikaishia kiganjani.

Muuza vifaa vya uvuvi hakupaswa kulikosa hili. Rili ya kitufe, ile yenye kofia mbele (yangu ni Zebco 33, haina kosa hapa), hukaa JUU ya fimbo, na pete huwa juu pia. Yeye kaniuzia fimbo ya rili ya wazi, ile inayoning'inia chini. Pete yake ya kwanza ni pana kama kizibo cha chupa ya maji, imesimama kwenye miguu mirefu. Ukiigeuza juu, kila samaki akivuta, pete inatafuta kurudi chini, na kadiri miguu ilivyo mirefu ndivyo inavyokunyonga mkono. Mpini nao hauna kile kikulabu cha kushikia kwa kidole cha shahada. Dole gumba liko kwenye kitufe, nani azuie fimbo isizunguke?

Inayofaa unaijua kwa macho tu: kikulabu chini ya mpini, pete ya kwanza ndogo yenye miguu mifupi, na pete nyingi. Kwa futi 6 nataka sita au saba, ya ncha sihesabu. Zikiwa nne, fimbo ikipinda mshipi unalala juu ya ufito, yaani mti wenyewe wa fimbo, na kuusugua. Funga rili hapohapo dukani, pitisha mshipi, mpe muuzaji ashike mwisho wake, kisha inua fimbo mpaka ipinde. Akinuna, toka.

Futi 5 na nusu hadi 6 na nusu zinatosha. Juu ya mpini tafuta LB 6–12, yaani nguvu ya mshipi kwa ratili. Rili hizi nyingi hubeba mshipi wa 8 au 10. Kwa bei hizi chukua faibaglasi, ni nzito kidogo lakini haivunjiki hovyo kama grafaiti ya kubabaisha. Mguu wa rili ukicheza, uvishe kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Ukikataa kuingia, usisugue kwa tupa (chuma cha kunolea) pale mguu unapokaa kwenye fimbo.

Nilitaka kutoa nyota moja. Lakini haki yake nimpe: ufito ni mzuri, unapinda vizuri mpaka katikati, maungio hayachezi. Mwenye rili ya wazi ataifurahia. Basi tatu.

Nilikuwa nimeshaandika tatu nilipopitisha pamba kwenye pete ya ncha. Ikanasa. Kauri ya ndani ina ufa mwembamba kama unywele, kumbe ndio uliokuwa unakata nailoni huku nikilaumu fundo langu! Kuibadilisha ni rahisi: pasha pete kwa kiberiti cha gesi sekunde chache, ivute kwa koleo, vika mpya ya kipimo kilekile kwa gundi ya kuyeyusha. Supa gluu hapana, siku nyingine haitatoka kirahisi.

Nikarudi kuomba hiyo pete tu. "Umeshaitumia, bosi."

Nusu nyota. Na hiyo ni ya ufito.