Kaunta ya jiko la zamani: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Majiko ya nyumba za zamani, Kampala, Jinja hata Mbale, yanafanana. Dirisha dogo lenye nondo, ukuta ulioshiba masizi ya sigiri, na kaunta ya zege iliyopigwa saruji na kugeuka nyeusi kwa mafuta. Fedha ikipatikana, wengi hukimbilia makabati. Mimi nasema anza na kaunta. Ndiyo inayopokea mwanga wa dirishani kabla ya kitu kingine, na ndiyo inayoteseka zaidi: sufuria ya moto, maji, kisu, na utomvu wa matoke kila siku ya Mungu. Kwa hiyo nazipanga aina za kaunta kwa mambo matatu: irudishe mwanga, ivumilie moto, isishike doa.

Usikubali fundi abomoe zege la zamani kabla ya kuligonga kwa nyundo. Likitoa mlio mzito usio na uvungu, na halina nyufa, linatosha kubeba kaunta mpya juu yake. Hapo umeokoa fedha nyingi.

Ya kwanza: graniti ya rangi nyepesi. Kijivu cheupe au krimu yenye madoadoa. Ni jiwe gumu, kisu hakiikwaruzi kirahisi, na sufuria ya mchuzi wa karanga ikitua juu yake haiachi alama. Madukani utasukumiwa nyeusi, kwa kuwa inametameta chini ya taa za muuzaji. Katika jiko lenye dirisha moja, nyeusi inameza mwanga wote uliokuwa unautafuta, na kila tone la maji lililokauka linaonekana. Ikatae.

Nenda ukalione bamba lenyewe, wala usiridhike na kipande cha sampuli. Omba litolewe juani, limwagie maji: ufa uliofichwa na mng'aro utajitokeza maji yanapokauka. Acha matone ya maji juu yake kwa dakika kumi. Mahali pakiwa peusi ukishafuta, jiwe linanyonya na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo, tena ya kurudiwa. Kamulia ndimu kwenye pembe: mng'aro ukififia, hiyo ni marumaru au imechanganyika na mawe ya chokaa. Na kama bado una moyo na nyeusi, isugue kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha. Kitambaa kikichafuka, umeuziwa jiwe lililopakwa rangi.

Juu ya zege, unene wa milimita 18 au 20 unatosha. Bei uliza kwa maneno kamili: ni ya mita ya mraba au ya mita ya urefu? Kutoboa tundu la sinki kumo? Kulainisha ukingo, usafiri, VAT ya asilimia 18? Ugomvi mwingi kati ya mteja na muuzaji huzaliwa hapo. Sisitiza pia jiwe likatwe kwa maji, si kavu. Vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu, na kijana anayeshika grenda ana familia inayomsubiri.

Kimo nacho ni cha mpishi, si cha fundi. Kaunta ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko chake. Anayesonga posho kwenye meko ya gesi yaliyowekwa juu ya kaunta atataka meko yashushwe zaidi, maana mwiko unadai nguvu ya bega.

Ya pili: terazo. Saruji nyeupe na vipande vya marumaru, humwagwa papo hapo kisha husagwa kwa mashine. Majiko ya zamani hayana kona iliyonyooka, na terazo inaifuata kona ilivyo bila kiungo hata kimoja. Nyeupe yake inaangaza kweli. Udhaifu wake ni ndimu na nyanya, zinazoila taratibu, na utomvu wa matoke usipofutwa mapema. Yote yanategemea mkono wa fundi: omba kuona kazi yake iliyokwisha kutumika miaka miwili.

Ya tatu: vigae vikubwa vya poselini. Vigae vinatengenezwa humu nchini, Kapeeka wilayani Nakaseke, ingawa ya kaunta chagua poselini, si vile vyepesi vya ukutani. Chukua vya sentimita 60 kwa 60, kwani kaunta ya kawaida ina kina hicho, na hivyo viungo vinapungua. Viungo ndivyo vinavyoshika uchafu. Vijazwe kwa epoksi, gundi ngumu isiyonyonya maji.

Ya nne: kwazi (quartz) ya kiwandani. Ndiyo nyeupe kuliko zote na haihitaji dawa. Lakini chembe za jiwe zimeshikwa kwa rezini, yaani gundi ya plastiki, na rezini inaungua sufuria ikitoka motoni. Vumbi lake ni baya kuliko la graniti. Australia ilipiga marufuku mawe ya aina hii kuanzia Julai 2024.

Ya tano: stenlisi, bati la chuma kisichoshika kutu kirahisi, ya kukunjwa na mafundi wa vyuma wa Katwe, Kampala. Inarudisha mwanga na haiogopi moto, ila ina kelele na hukwaruzika. Ikinatwa kwa nguvu na sumaku, huenda ni daraja la chini; daraja la 304 liandikwe kwenye risiti.

Ya sita: mbao. Mvule ya Ndeeba, kwa wauza mbao wa Kampala, ni nzuri kwa meza ya kulia. Kando ya sinki itavimba, na rangi yake inazidi kukolea kwa miaka.

Ya mwisho: MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, iliyovikwa plastiki. Maji yakipenya kwenye tundu la sinki, haiponi. Inamfaa mpangaji anayehama karibuni, na kwa masharti mawili: kingo zote zilizokatwa zizibwe kwa silikoni kabla sinki halijakaa, na sigiri isipandishwe juu yake kamwe.